Mama Atasema Mwenyewe

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kimefika! Kisanduku cha kiunoni kimekuja na basi la asubuhi kutoka Mwanza, kimeviringishwa kwenye gauni kuukuu la mtu. Nimekifungulia hapa dukani Iringo, Musoma. Vitu vitatu tu: kisanduku chenyewe, kinaingia kiganjani, mic ndogo ya kubana kwenye nguo, na risiva ya kuchomeka kwenye miksa. Kisanduku kinatuma, risiva inapokea. Katikati hakuna waya.

Werema — mwenye duka, na mwenye spika zote ninazozungukaga nazo kwenye harusi na misiba — alikigeuzageuza akasema hicho ni kitu cha wachungaji wa mjini, sisi watatuibia. Nikamwambia siyo cha mchungaji, ni cha mama yangu. Akakirudisha mezani taratibu.

Jumamosi ya wiki ijayo mdogo wangu Mwandu anaoa. Anamleta Gati nyumbani Butiama. Na kwetu bibi harusi haingii hivihivi kama mgeni wa chai. Mama wa bwana harusi anampokea getini, ameshika kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili, anatembea naye polepole mpaka mlango wa jikoni, huku anamtamkia baraka. Kwa sauti! Wasikie mpaka walio nje ya ua, maana hao ndio mashahidi. Asiyesikika hajasema. Na mwanamke aliyetamka siku hiyo ndiye mama wa nyumba wa yule binti mpaka kufa. Akigombana na mume, anakimbilia kwake. Akijifungua, ni yeye anamwogesha mtoto.

Mama hana sauti. Tangu walipomtoa uvimbe wa shingo, mwaka juzi, amebaki na mnong'ono. Uvimbe ulikuwa umeushika mshipa wa sauti, daktari alituambia mapema, hatukudanganywa. Lakini mama huyu! Alikuwaga anaimbisha kwaya nzima. Akiita ng'ombe wetu jioni, na wa jirani wanakuja.

Shangazi Hilda, dada yake baba, amesema yuko tayari kutamka yeye. Kasema kwa upole, hana shari. Yeye hakujaliwa mtoto, mkwe wa kumwita mama hatapata kwingine. Nalijua hilo. Na bado roho inanikereketa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekifunga leo kwa mara ya kwanza. Karatasi ya maelezo ni Kichina upande mmoja, Kiingereza cha kuungaunga upande wa pili. Nikaiweka pembeni.

Risiva kwanza. Antena zake mbili zisimame zimeachana, zisilale. Unaiambia itafute masafa matupu, halafu unakisogeza kisanduku karibu na kijicho chake, vinaelewana, taa ya kijani. Betri mbili ndogo, zile za rimoti. Nikabana mic kwenye kola, nikafungua sauti.

Akatoka mchungaji! Spika zangu mbili zikaanza kukemea mapepo katikati ya Iringo. Kumbe kanisa la mtaa wa pili wana kisanduku kama hiki, na mimi nimekaa juu ya masafa yao. Bodaboda wa kijiweni wakaitikia Ameeen. Werema alicheka mpaka akashika ukuta. Nimehama chaneli, mchungaji akabaki na mapepo yake.

Tatizo ni moja. Mtu mwenye sauti yake, mic ya kolani inatosha. Mimi nilipojaribu kunong'ona kama mama, ilibidi nipandishe sauti mpaka spika zikapiga miluzi. Mic lazima ikae mdomoni kabisa. Kesho natafuta ile ya shavuni, yenye kishikio cha sikioni.

Jumamosi, 6 Septemba

Bunda, Nyasura. Sendofu ya Gati, sherehe ya kuagwa kwao. Kazi imekwenda vizuri. Emsii alivaa kisanduku, akarukaruka alivyotaka, hakuna kukatika. Ila alikiweka mfuko wa nyuma pamoja na simu, kila ujumbe ukiingia spika zinafanya trrr-trrr. Nikamwendea nikaichomoa simu bila kumwomba. Mtu mzima, ananikasirikia mbele za watu! Haya.

Gati alinifuata nyuma ya jenereta na gauni lake lote. Anasema, "Wifi Nyamburi, ukweli. Jumamosi nani atanipokea?" Nikamjibu mama. Akasema huku Bunda wanasema mama mkwe ni bubu. Nikamwambia siyo bubu, sauti yake ndogo tu. Akasema shangazi Hilda ameshampigia simu mara nyingi, mtu mzuri sana, anamwita mwanangu, anamuuliza anapenda samaki gani. Mama hajampigia hata mara moja.

Atapigaje? Kwenye simu mnong'ono wake hausikiki, watu wanakata wakidhani ni mtandao. Hilo nikamweleza. Gati akasema, "Sikujua." Akanishika mkono kwa nguvu. Nimempenda binti huyu.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepitia nyumbani kutoka Bunda, na vyombo vyote nyuma ya gari. Nilifika na raha zangu.

Jambo la kwanza: kisanduku kina kibanio cha mkanda. Mama ana mkanda gani? Gauni la kitenge, basi. Nikafikiri weee. Mwisho nimekifunga kwa kanga, kibwebwe kabisa, kimekaa ubavuni. Baba akasema sasa umekuwa wa kucheza ngoma. Mama akamtishia kwa mwiko.

La pili, mic ya shavuni. Mama akajitazama kwenye kioo. Akaninong'oneza, "Nyamburi. Nimekuwa yule mtu wa kuuza sumu ya panya sokoni." Tulicheka wote! Hata yeye alicheka, mabega tu yanatikisika. Nikasema mama, yule mwuza sumu anasikika mpaka stendi.

Hapo nikafanya kosa. Spika nilikuwa sijazishusha, nikampa hedifoni. Nikamwambia sema kitu, usikie unavyotoka. Nilidhani atafurahi.

Akasema, "Gati, karibu."

Akasimama vilevile. Akasema tena, "Gati, karibu." Uso ukabadilika. Akavua hedifoni, akaiweka kwenye kiti kama kitu cha moto. Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikasema ni wewe, mama. Akasema siyo yeye. Sauti yake anaijua. Huyu ni kikongwe anakwaruza sufuria. "Na unataka ukamtangaze Butiama nzima?" Akafungua kibwebwe mwenyewe, akanirudishia kila kitu mkononi, akaenda kutazama mboga.

Miaka miwili hii ameishi na ile sauti ya zamani kichwani. Mimi ndiye nimekwenda kuizima. Nimeacha kisanduku juu ya kabati la sebuleni. Sikuaga vizuri.

Jumatatu, 8 Septemba

Musoma. Upepo wa ziwani, vumbi. Nimesafisha waya zote bila sababu. Baba kapiga simu: mama anapika, anakula, hasemi. Na shangazi Hilda anahamia nyumbani kesho na masanduku yake kuandaa mambo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeomba ruhusa kwa Werema, nimekuja na vyombo kukaa nyumbani mpaka harusi. Na nimeona mambo.

Mchana shangazi alisimama uani kufanya mazoezi. Kibuyu kitupu mikononi, anatembea kutoka getini. Sauti anayo, nisiseme uongo. Kuku walikimbia. "Nakupokea kwa maziwa! Nakupokea kwa nafaka!" Baba kakaa kivulini anatikisa kichwa, vizuri, vizuri.

Mama alikuwa kibarazani anapepeta ulezi. Akasema, "Unaanza na maji." Mimi nilisikia, nilikuwa karibu yake. Shangazi hakusikia. Akaendelea na maziwa. Mama akasema tena, "Hilda, siyo hivyo. Maji kwanza." Hakuna. Mama akagonga ungo kwa kiganja. Shangazi akageuka akatabasamu, akadhani anampigia makofi! Akaongeza sauti.

Mama akaweka ungo chini. Akaingia ndani. Akatoka na kisanduku, waya wake unaburuta, akanipa.

"Nifunge."

Tu. Nilimfunga. Nikawasha spika moja ndogo. Akaenda mpaka katikati ya ua, akasimama mbele ya wifi yake, akasema, "Maji kwanza, Hilda. Mama yenu ndivyo alivyonipokea mimi." Na ikasikika! Ukwaruzo, ndiyo. Lakini kila neno, mpaka kwenye zizi. Baba akainuka kwenye kiti.

Shangazi akasema, "Kumbe." Halafu akasema sawa wifi, maji kwanza, hata yeye alisahau. Halafu akaingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka jioni macho mekundu, akasema ni moshi.

Hatujapika kwa kuni leo.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku nzuri sana. Tumetembea.

Maana kisanduku lazima ukitembeze kabla ya siku yenyewe, ujue kinapotea wapi. Mama alitoka getini na kibuyu cha maji, mimi nimekaa na risiva natazama nukta za mawimbi zinapanda zinashuka. Getini nzuri. Kwenye mwembe nzuri. Akipita nyuma ya lile jiwe kubwa, lile tulilokuwa tunatelezea utotoni — pu! Kimya. Jiwe na mwili wake vinakula mawimbi yote. Basi nimehamisha risiva barazani, juu ya meza, antena zinamtazama. Na kisanduku nimekihamishia ubavu wa kushoto, upande wa baraza. Sasa hakikatiki.

Kazi kubwa ni kitufe. Juu ya kisanduku kuna kitufe cha kunyamazisha. Mama kila akimaliza sentensi anazima! Nikamuuliza kwa nini. Eti mawe yataisha, yaani betri. Huyu ni mtu aliyelelewa na redio ya mkulima, unasikiliza taarifa ya habari unazima. Nikamwambia mama, haya yanakaa mchana kutwa. Akasema, "Hata baba yako alisema atakaa mchana kutwa shambani." Basi tukakubaliana: anafungua mara moja, yeye mwenyewe, getini, halafu mikono miwili kwenye kibuyu mpaka mlangoni. Nilitaka nifungue mimi kwenye miksa. Akakataa. "Mdomo ni wangu, nitaufungua mwenyewe."

Baadaye akaenda zizini hajavua. Nilikuwa na hedifoni masikioni, spika nimezima. Nikamsikia anaongea na ng'ombe. Anamwambia yule mwekundu kwamba anaogopa. Kwamba akikwama njiani watu watasema bora Hilda. Halafu akaanza kuimba, chini kabisa, wimbo wa kwaya. Sauti haipandi, inafika mahali inakuwa hewa tupu, anaruka hapo, anaendelea mbele.

Nilitakiwa kuivua ile hedifoni. Sikuivua. Nimelia kidogo, siyo kwa uchungu.

Ijumaa, 12 Septemba

Wageni wamejaa, hata pa kuandikia hakuna. Nimeweka betri mpya. Kisanduku kiko juu ya kabati, nimebandika karatasi: USIGUSE. Baba kasoma kwa sauti, "Usiguse," akasema hakuna mtu atagusa, yeye atalinda.

Jumamosi, 13 Septemba

Mchana. Naandikia juu ya miksa.

Kanisani imekwisha salama. Mwandu alijikwaa kwenye kiapo, watu wakamcheka, basi. Nikatangulia nyumbani kabla ya msafara. Nimemkuta mama ameshavalishwa: gauni jipya, kibwebwe juu, kina mama wamekifunga kisanduku vilevile nilivyowafundisha, wamekaza haswa. Mic shavuni. Ni mzuri mama yangu.

Nikawasha risiva nijaribu. Betri, nukta moja!

Moja. Jana zilikuwa zimejaa. Nikamtazama baba. Akaja anatabasamu, amejipaka mafuta. Ananiambia kwa siri, asubuhi tulipokwenda kanisani alibaki nyuma akatoa yale mawe, akayaanika juu ya bati yapate nguvu, kama anavyoyafanyaga ya redio yake ndogo, saizi hiyohiyo. Nikamuuliza, ya redio uliyaanika wapi? Hapohapo. Pamoja. Na uliyatofautishaje wakati wa kuyarudisha? Akafikiri. "Yote yalikuwa ya moto sawa."

Baba! Baba yangu mimi! Sikuweza kumgombeza. Amevaa koti la suti kwenye jua hili na alitaka kumsaidia mke wake.

Pakiti ya akiba iko kwenye gari la Werema, na Werema yuko kwenye msafara anambeba bibi harusi. Duka la jirani limefungwa, mwenyewe yuko hapa uani anakula. Redio ya baba? Nimeifungua. Yaliyomo hayawashi hata taa, zima na bovu, yote sura moja, na muda wa kuyajaribu hakuna. Basi kwa mama kuna moja zima na moja bovu, au sijui.

Honi zinasikika kwenye barabara kuu.

Nimwambie mama? Nikimwambia atavua. Tangu avalishwe anatafuta sababu ya kuvua, mara mic inawasha, mara anasikia kizunguzungu. Atampa shangazi kibuyu na itakuwa imekwisha, Gati ni wa Hilda. Nisipomwambia, inaweza kufa katikati ya uwanja, mbele ya ukoo wote na watu wa Bunda.

Sijamwambia. Mungu anisamehe. Nimemwambia tu, "Mama, usisimame sana njiani." Akaniuliza kwani kuna nini. Nikasema jua.

Shangazi kakaa kiti cha mbele na mic ya waya mapajani. Wazee walimpa: kama Yunis, yaani mama, atashindwa. Chaneli yake nimeifunga.

Wamefika. Gati ameshuka, yuko getini, ameinamisha kichwa. Vigelegele. Mama ameshika kibuyu kwa mkono mmoja, mwingine uko ubavuni kwenye kitufe. Hafungui. Watu wananyamaza kidogo kidogo. Hafungui. Shangazi amesogea mbele ya kiti, mic inapanda kidevuni.

Amefungua! Taa ya kijani. Spika zote pumzi tupu. Halafu:

"Wifi Hilda. Kaa kwanza."

Uwanja mzima kicheko! Hata kina mama wa Bunda. Shangazi kakaa, mkono mdomoni, sijui anacheka au vipi. Na mama hakucheka. Mikono miwili kwenye kibuyu. Anasema:

"Gati. Nakupokea kwa maji, usione kiu kwangu. Nakupokea kwa maziwa. Sauti yangu ni hii, izoee. Ukiniita usiku nitakuja, hata kama hukusikia nikiitika."

Walio nje ya ua wanaitikia. Wanasikia! Mwandu analia waziwazi, mwanaume na suti yake. Wanatembea. Nukta moja inawakawaka. Wamepita mwembe. Endelea mama, usisimame.

Amesimama. Anamfuta Gati jasho kwa ncha ya kanga, anamwambia kitu, watu wanacheka — twende mama, twende —

Imekufa.

Taa haipo. Mama anaendelea kutembea, midomo inacheza, hajui. Spika kimya. Kina mama wa mbele wanasikia, ndiyo, na Gati. Nje ya ua wanaanza: "Hatusikii! Hatusikii huku!" Sasa amejua. Amenitazama mimi. Sikuwa na uso wa kumpa.

Bado nusu ya njia. Mikono yake imejaa, na akimwaga ni mkosi.

Shangazi Hilda amesimama na mic yake. Baba anamwambia subiri, hajasubiri. Anakata katikati ya watu, waya unamfuata kwenye nyasi. Mzee mmoja anasema haya, ndiyo, Hilda amalizie. Amewafikia. Wamesimama watatu, mama, shangazi, na Gati katikati yao. Mama na shangazi wanatazamana. Mic iko mkononi mwa shangazi, usawa wa kifua. Kutoka hapa haijulikani inakwenda kwenye mdomo gani.

Chaneli yake iko chini ya kidole changu. Nikiiacha imefungwa, hakuna atakayesikika. Nikifungua, atakayesikika akimalizia ndiye mama wa Gati —

Nje wanapiga kelele.

Nimefungua.